Siku Mama Alipopanda Chukudu

Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Nina hakika na saa hiyo. Shule ya parokia ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita, lakini mlinzi wake aliendelea kupiga kengele ya mapumziko kila siku saa tatu na robo, kwa mazoea tu, na siku ile pia aliipiga. Tangu iliponyamaza nilikuwa nimechambua maharagwe ya ungo mmoja. Ungo mmoja, kwa vidole vyangu vya miaka kumi, ulichukua dakika tano. Nilipouweka chini, askari watatu waliingia kwenye kiwanja chetu pale Munigi.

Mwezi uliopita nilirudi mahali pale kwa miguu. Padri wa parokia yetu ameniomba nizungumze na wachumba wanaojiandaa kufunga ndoa, Jumamosi tatu, mada tatu: nguvu, uzuri, upendo. Mimi si msomi. Niliacha shule darasa la sita, na mengine nimejifundisha kwa vitabu vya kuazima na kamusi moja isiyo na jalada. Mtu wa namna yangu akiambiwa aseme mbele ya watu, kwanza huenda kupima. Basi nikachukua daftari, nikapanda hadi Munigi, kisha nikateremka tena nikihesabu hatua zangu.

Nyumba yetu haipo. Volkano ilipita juu yake zamani, na sasa pana mwamba mweusi tu, na juu ya mwamba mahema ya wakimbizi wa vita vya sasa. Mama mmoja alikuwa akipika mahali ambapo, kwa hesabu yangu, palikuwa na kitanda cha wazazi wangu. Nikamsalimia. Akanisogezea kidumu nikikalie. Moshi wa makala yake, makaa kama tunavyoyaita huku, ulinukia sawasawa na wa kwetu, na hapo, rafiki yangu, nikawa mtoto tena kabla sijafungua daftari.

Baba alikuwa mtu wa chukudu. Kama ulikulia Goma, sina cha kukueleza. Kama hukukulia, fikiria baiskeli ya mbao tupu, isiyo na pedali wala kiti, magurudumu mawili ya mti yaliyovishwa mpira wa tairi, na ubao mrefu katikati unaobeba magunia. Dereva huweka goti moja juu ya ubao na mguu wa pili husukuma barabara. Baba alipakia makala, kabichi na viazi huko juu Kibumba, akateremka kupitia kwetu Munigi hadi Birere, kwenye maduka ya karibu na mpaka. Tulimsikia kabla ya kumwona. Magurudumu ya mti juu ya mawe ya volkano yana ngurumo yake, na Mama aliweza kuijua chukudu ya Baba kati ya kumi. Akiisikia, alikuwa anatia sambaza kwenye mafuta ya mawese, ili Baba afike wakati samaki wale wadogo wanalia kwenye sufuria.

Watu walisifu nguvu zake kwa magunia aliyobeba. Yeye alikataa sifa hiyo. "Kusukuma mlimani ni miguu tu," alisema. "Mwanaume unamwona mteremkoni. Mzigo unataka kukimbia, na wewe unausimamisha." Nilidhani anasema habari za kazi yake peke yake.

Mama alikuwa mzuri, na alijua. Alikuwa mmoja wa wamama wanaopeleka vipaji altareni kwa kucheza, kikapu kichwani, miguu mitupu juu ya saruji ya kanisa. Hatua mbili mbele, moja nyuma, na shingo haitikisiki. Wanaume waliinua macho kutoka kwenye vitabu vyao vya nyimbo. Baba hakuinua, kwa sababu hakuwa ameyashusha tangu mwanzo.

Kila Jumamosi alimpigia pasi kikwembe, kitenge chake cha kuvaa misani. Yeye mwenyewe, nje, juu ya meza, kwa pasi ya makala. Alipuliza majivu, akajaribu joto kwa kidole chenye mate, akaanza na pindo. Alisema kwamba mtu anayeshika magunia siku sita anahitaji siku moja ya kushika kitu chepesi. Jirani yetu, naye mtu wa chukudu, mwenye mabega kama mlango, alikuwa akisimama upande wa pili wa ua wa miti ili amcheke.

"Papa, kesho utamufulia na chupi?"

"Nilifulia jana," Baba alijibu. "Umechelewa kuangalia."

"Bibi amekulisha nini, wewe?"

"Sambaza. Na wewe ungelishwa, kama ungeacha ule mukono wako upumzike."

Jirani aligeuka akaingia ndani, kwa sababu sisi sote tulijua mkono gani. Nyumba zetu zilikuwa za mbao, na mbao hazifichi kitu. Jumamosi hizo hizo, akishashiba kasiksi, ile pombe ya ndizi, alimpiga mke wake. Kwanza sauti ya kiti, kisha ya sufuria, kisha sauti ambayo haikuwa ya chombo chochote. Baba aliinuka akagonga ubao wa ukuta wao kwa ngumi, mara tatu. Pengine kulinyamaza. Pengine aligonga hadi vidole vikachubuka. Nimesoma baadaye vitabu vingi kuhusu ndoa ya Kikristo, lakini mafundisho yangu ya kwanza yalikuja kwa njia hiyo: upande huu wa ubao pasi inateleza juu ya kitambaa, upande wa pili mtu anapigwa.

Kisha ukaja mwaka wa wakimbizi. Walivuka mpaka wengi hivi kwamba barabara haikuonekana, na kipindupindu kikavuka pamoja nao. Pale Munigi wafu walilazwa kando ya barabara ndani ya mikeka yao, na sisi watoto tulijifunza kutembea katikati ya barabara. Baba aliacha makala akabeba maji kwa madumu, bila malipo, majuma mawili. Mama aliiosha chukudu kila jioni kwa majivu na maji ya moto, akamwosha na Baba vilevile, nyuma ya nyumba, akimsugua mgongo huku akimgombeza kwamba ataleta ugonjwa. Aliendelea kumgombeza na kumsugua, na kila asubuhi alimwacha aende.

Miaka miwili baadaye vita yenyewe ikaja, kutoka upande wa makambi ya wakimbizi, huko juu Kibumba. Askari wa serikali walikuwa wanarudi nyuma, na wakirudi walipora. Godoro, redio, mabati ya paa, vyote vilihitaji kubebwa, na hakuna kinachobeba vizuri kuliko chukudu. Walizichukua pamoja na wenyewe. Wanaume wawili wa mtaa wetu walienda na mizigo ya askari na hawakurudi.

Ndipo watu wa chukudu wa Munigi wakabuni hila. Kila chukudu ina freni, kipande cha tairi kinachoning'inia juu ya gurudumu la nyuma. Dereva anakikanyaga, kinabana gurudumu, mwendo unapungua. Bila freni hakuna anayethubutu mteremko wa Munigi na mzigo. Basi wakazing'oa freni wakazificha. Askari akitaka chukudu ataona haina freni, ataiacha.

Baba aling'oa ya kwake Jumapili baada ya misa. Hakumwambia Mama alikoificha. Alikuwa na sababu, na nataka uielewe kabla hujamhukumu. Aliogopa kwamba siku moja mtu mwenye bunduki atamwuliza Mama, na Mama atalazimika ama kusema ama kudanganya. Hakutaka mke wake achague kati ya roho yake na mali. Akafikiri: asiyejua hana dhambi wala hatari.

Sasa rudi pamoja nami kwenye ule ungo wa maharagwe.

Askari mkubwa kati ya wale watatu alichanganya Kilingala na Kiswahili. Alishika usukani wa chukudu, akaizungusha, akainama kuangalia nyuma.

"Freni iko wapi?"

"Haiko, chef," Baba alisema.

"Naona haiko. Nauliza, haiko iko wapi?"

Mmoja wa wenzake alicheka. Yeye hakucheka. Alimpiga Baba kwa kitako cha bunduki kati ya shingo na bega, na Baba akapiga magoti kwenye maharagwe yangu. Kisha akamgeukia Mama.

"Wewe, mama. Bwana yako ameficha wapi?"

"Sijui."

"Bibi hajui kitu ya bwana yake?"

"Hakuniambia."

Niliuona uso wa Mama alipotamka neno hilo. Alikuwa anasema kweli, na ile kweli ilimshangaza yeye mwenyewe zaidi kuliko askari.

"Basi utabeba wewe," askari alisema, akamshika mkono juu ya kiwiko akamvuta kuelekea barabarani. Mama alijishikilia kwenye nguzo ya mlango. Kitambaa cha kichwa kikaanguka. Baba akasimama. Hakurusha ngumi wala hakupiga kelele. Alienda akasimama katikati yao, kifua chake karibu na bunduki.

"Nitabeba mimi. Yeye hapana."

Askari aliangalia chini, kama mtu anayechagua mahali pa kuweka kitu, akampiga risasi ya paja.

Sitaeleza sauti. Baba aliketi polepole, kama mtu anayetafuta kiti. Damu haikutoka mara moja. Ilingoja kidogo, kisha ikaja kwa mapigo. Wakati huohuo bunduki kubwa zilisikika kutoka juu, upande wa Kibumba, na wale watatu wakatazamana. Walichukua mbuzi na sufuria mbili wakaondoka mbio. Nilipoangalia juu ya meza, kikwembe cha Jumapili kilikuwa pale, kimekunjwa, kimepigwa pasi siku mbili kabla ya siku yake kwa sababu Baba alihofia Jumamosi hatutakuwepo. Mama alikichana kwa meno. Alifunga paja juu ya tundu, akapitisha mwiko kwenye fundo, akausokota mpaka damu ikapungua na Baba akapoteza fahamu.

"Freni iko wapi?" Mama alimwuliza. Alimtikisa. "Papa, niambie freni iko wapi!" Ni maneno yaleyale ya askari.

Tulitafuta. Chini ya kitanda, juu ya paa, ndani ya shimo la majivu. Nilihesabu pumzi za Baba kama alivyonifundisha kuhesabu magunia, na zilikuwa zinaachana. Kituo cha afya kilichokuwa bado wazi kilikuwa cha masista, kule Keshero, karibu na ziwa, upande wa pili wa mji. Mama akaacha kutafuta. Alimlaza Baba juu ya ubao wa chukudu, kichwa mbele, akamfunga kwa kamba ya mkonge kama gunia la makala.

Jirani akatokea kwenye ua.

"Mama, unafanya nini?"

"Unaona."

"Chukudu haipandwe na mwanamuke. Itakutupa, itamutupa na yeye."

"Basi panda wewe."

"Bila freni? Miye si mujinga."

"Sikukuita mujinga. Nimekuita."

Aliangalia barabara, akamwangalia Baba, akatema mate. Kisha akasema atashika kamba nyuma, azuie, ila hapandi. Na mimi nikapewa kazi ya jiwe. Nilibeba jiwe moja la volkano, la ukubwa wa kichwa cha mtoto, na kila Mama alipoita "Jiwe!" nililiweka mbele ya gurudumu ili wapumzike.

Kutoka kiwanja chetu hadi mteremko unapoanza ni hatua mia tano na arobaini. Nimezihesabu mwezi uliopita. Zilituchukua muda mrefu. Barabara ilikuwa imejaa wakimbizi waliokimbia makambi ya juu, na mikeka, sufuria na shiti za plastiki vichwani, wote wakielekea magharibi. Mama alitembea kando, mikono yake miwili kwenye usukani, akipaza sauti: "Njia! Njia! Freni hakuna!" Wengine walipisha. Vijana fulani walicheka: "Angalieni, mama dereva!" Mzee mmoja alivua kofia, akidhani Baba ameshakufa. "Bado," Mama alimwambia, kwa hasira, kana kwamba mzee ndiye anayechelewesha.

Kwenye mteremko jirani alijifunga kamba kiunoni, akaegemea nyuma, akakita visigino. Lazima niandike alichofanya vizuri. Kwa hatua mia moja na ishirini alizuia uzito wa mtu na mti peke yake, na mishipa ya shingo yake ilisimama kama kamba ileile. Mtu mwenye nguvu kuliko yeye sikumjua.

Risasi zilianza nyuma yetu, karibu, juu ya vichwa vyetu. Umati ukalia kwa sauti moja ukatusukuma. Mwanamke mmoja aliyekuwa mbele yangu hatua nne alianguka na mzigo wake, na hakuinuka, na watu wakapita juu ya mzigo kisha juu yake. Jirani alijifungua kamba akaruka ndani ya mtaro wa mawe, mikono juu ya kichwa.

Chukudu ikaanza kukimbia. Mama angeweza kuachia. Ilikuwa na nguvu ya kumvunja mikono. Badala yake aliruka juu ya ubao, goti moja kando ya sikio la Baba, kama alivyomwona Baba akifanya miaka kumi na miwili, na mguu wa kuume akaupeleka nyuma, mahali pa freni. Alikuwa amevaa kandambili. Niliona plastiki ikiruka hewani, vipande viwili. Baada ya hapo ilikuwa nyama.

Nilikimbia na jiwe langu. Sikuweza kuwafikia. Watu waliruka kushoto na kulia, sufuria ziligongana, na katikati Mama alikuwa anapiga kelele moja ndefu bila neno, ila mikono yake haikutikisika, na chukudu ilienda sawa kati ya watu kama iliyofungwa kwenye reli. Kwenye lami nyuma yao palikuwa na mstari. Niliufuata. Hatua tisini na sita, kwa miguu yangu ya sasa. Mteremko ulipoisha gurudumu lilipungua, likazidi kupungua, likasimama lenyewe kwenye kifusi.

Nilipofika, Mama alikuwa bado na goti juu ya ubao. Hakunitazama.

"Jiwe," alisema.

Nikaliweka, ingawa gurudumu lilikuwa limeshasimama.

Alichana kipande kingine cha kikwembe, akafunga mguu, akashuka, akasukuma. Tulivuka mji mzima namna hiyo. Maduka yalikuwa yamevunjwa, watu wanakimbia na magunia ya unga ambayo si yao, na hakuna aliyetutupia jicho. Kengele ya saa sita ilikuwa haijalia tulipoingia kwa masista. Sista mwenye zamu alikata kamba, akasikiliza kifua cha Baba, kisha akaangalia sakafu.

"Damu hii ni ya nani?"

"Ni yake," Mama alisema.

"Hapana, mama. Hii inatoka kwako."

Ndipo Mama akaanguka.

Baba alipona. Risasi ilikuwa imepita bila kugusa mfupa. Mama alikatwa vidole vitatu vya mguu wa kuume, na ngozi ya unyayo haikurudi tena kuwa ngozi. Chukudu tuliyoiacha getini iliibiwa alasiri ileile.

Siku ya tisa tulirudi nyumbani, na siku ya kumi nilipokuwa nachota maharagwe kwenye gunia, mkono wangu uligusa mpira. Freni. Gunia lilikuwa hatua tatu kutoka mlangoni. Nilimpelekea Mama bila kufikiri. Aliishika, akaigeuza, kisha akamrushia Baba kitandani kwa nguvu zake zote. Ilimpasua nyusi. Ndiyo, rafiki yangu, nakuambia yote. Damu tena, na safari hii mkono ulikuwa wa Mama.

"Ungeniambia!"

"Wangekuuliza. Ungelazimika kudanganya."

"Ningedanganya! Ningedanganya mara saba, na Jumamosi ningeenda kuungama! Nani alikutuma ulinde roho yangu? Roho yangu iko na Mungu. Mguu wangu ndio ulikuwa na wewe!"

Upande wa pili wa ukuta wa mbao palikuwa kimya. Nadhani walikuwa wanasikiliza, na mwanamke wa kule alikuwa anangoja kusikia Mama akipigwa. Hakusikia. Baba aliinuka na fimbo yake, akachechemea hadi mekoni, akatia maji kwenye beseni, akatia chumvi. Akarudi akapiga magoti kwa goti moja, kwa sababu lingine halikukunjika, akanyoosha mkono. Mama aliuficha mguu chini ya kitenge. Maji yalipoa. Baba akaenda kuyapasha tena, akarudi. Mara ya tatu Mama akautoa.

Tangu siku hiyo aliuosha kila jioni, nje, saa ya mwanga, mahali palepale alipokuwa anapigia pasi. Jirani alipita. Hakuwa amekuja kutusalimu tangu ule mtaro. Ni mke wake aliyesimama kwenye ua.

"Papa, unaosha mguu wa bibi mbele ya watu?"

"Padri anaosha ya watu kumi na wawili Alhamisi Kuu," Baba alisema. "Miye niko na mmoja tu. Nisishindwe."

Yule mwanamke alicheka, halafu akafunika mdomo, halafu akaenda. Sitasema kwamba jirani alibadilika. Alimpiga tena kabla ya Noeli, na Baba akaenda akagonga ukuta kwa fimbo. Mama naye aliinuka akagonga kwa mwiko, kando yake.

Kuhusu uzuri, nina haya tu. Mwaka mzima Mama hakucheza misani. Alikaa benchi la nyuma, mguu chini ya benchi. Jumamosi moja Baba alitoa meza nje na pasi, akakinyoosha kikwembe alichomnunulia, cha bei ndogo, chenye ndege wa kijani. Mama alikitazama. Kesho yake alivua viatu mbele ya mlango wa kanisa, akajipanga mwisho wa mstari. Hatua mbili mbele, moja nyuma, na ile ya kuume ilichelewa kila mara. Ngoma haikumngoja. Kikapu kilitikisika. Watu waliangalia mguu. Njiani kurudi alimwuliza Baba kama alionekana akikosea.

"Niliona wengine wote wanakosea," Baba alisema. "Lakini usiwaambie."

Na hivyo nimelifunga daftari nililoenda nalo Munigi. Nilikuwa nimechora mistari mitatu kwa mada tatu, na nimeshindwa kujua niandike lipi kwenye mstari upi. Kusimama mbele ya bunduki nilifikiri ni upendo, na kweli ni upendo; lakini kumficha mtu jambo ili kumlinda, nalo alilifanya kwa upendo, na lilikula vidole vitatu. Wachumba nitawaambia habari yote, na hasira ya Mama ndani yake, kisha nitakaa.

Wote wameondoka. Baba alitangulia, kwa ugonjwa wa kawaida, kitandani, mkono wake ndani ya mkono wa Mama. Mama akamfuata mwaka wa tatu. Jirani alikufa pia. Mke wake anaishi Keshero, anauza makala, na akiniona ananishika shavu. Ngurumo ya magurudumu ya mti unaisikia mara moja moja tu siku hizi, kati ya kelele za pikipiki na malori. Ukuta wa mbao uko chini ya mwamba, pamoja na meza, beseni na ule mtaro. Hata mteremko umepungua. Volkano imeujaza, na mtoto leo angeuteremka akicheka.

Mara moja, vita ile ya kwanza ilipotulia, alipita kijana mwenye karatasi, ametumwa kuorodhesha hasara za watu. Alitukuta nje jioni. Aliuliza kwa adabu, kalamu tayari, familia ilipoteza nini.

"Chukudu moja," Mama alisema.

"Thamani yake?"

"Dola sitini."

"Kitu ingine, mama?"

Mguu wake ulikuwa ndani ya beseni, mikononi mwa Baba. Aliutazama, akamtazama Baba, ambaye hakuinua kichwa.

"Hapana. Ni hiyo tu."

Kijana alipiga mstari, akaandika jumla chini yake: dola sitini.